Kabla ya Kulipia Kozi ya Kufundisha Kiingereza Ughaibuni

Matangazo ya kozi za kufundisha Kiingereza nje ya nchi yamekuwa yakiwafikia vijana wengi kupitia simu za mkononi. Tangazo huahidi cheti ndani ya wiki chache, kisha kazi yenye mshahara wa dola katika nchi za Asia au za Ghuba. Wanaovutiwa zaidi ni wahitimu wa vyuo vya ualimu wanaosubiri ajira, pamoja na walimu wa shule binafsi wanaotafuta kipato kikubwa zaidi. Kwa kaya nyingi za Bukoba na Muleba, ada ya kozi ya namna hiyo hutoka katika mauzo ya kahawa, katika ng'ombe aliyefugwa kwa miaka, au katika mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mara nyingi fedha ikishalipwa hairudi, hata kama cheti kilichopatikana hakifungui mlango wowote.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupima kozi hizo kabla ya kulipa. Jambo la msingi ni moja: uchaguzi wa kozi uanzie kwenye ajira inayolengwa. Mwombaji ajue kwanza ni nchi gani anataka kwenda, nchi hiyo inampa nani kibali cha kufundisha, na mwajiri wa huko anataka sifa zipi. Baada ya hapo ndipo atafute mafunzo yatakayojaza pengo lililobaki. Anayeanza kwa kununua cheti na kutafuta kazi baadaye huweza kugundua kwamba kikwazo chake hakikuwa cheti.

Kozi zilizopo na tofauti zake

Hakuna chombo kimoja cha kimataifa kinachosimamia vyeti vya kufundisha Kiingereza kwa wageni. Kampuni yoyote inaweza kufungua tovuti, kuandaa masomo na kutoa cheti chenye jina la TEFL. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. Si jina la chuo wala la mtihani. Vyeti viwili vyenye jina moja la TEFL vinaweza kutofautiana kwa thamani kama fedha halali na karatasi iliyochapwa mtaani.

Vyeti viwili vinavyotambuliwa na waajiri wengi duniani ni CELTA, kinachotolewa na Cambridge, na CertTESOL, kinachotolewa na Trinity College London. CELTA huchukua saa zisizopungua 120. Ndani ya saa hizo mwanafunzi hufundisha kwa jumla ya saa 6 mbele ya wanafunzi halisi wa ngazi mbili tofauti, huku mkufunzi akiwa ameketi darasani akiandika anachokiona. Baada ya kila kipindi, mkufunzi na wanafunzi wenzake hukaa na kujadili kilichokwenda vizuri na kilichopotoka. Mwanafunzi huyo pia huangalia walimu wazoefu wakifundisha kwa saa nyingine 6, na huandika kazi nne za tathmini. Mtathmini kutoka nje ya kituo hufika kukagua. CertTESOL nayo huchukua saa zisizopungua 130, ina saa 6 za kufundisha kwa vitendo, na hukaguliwa na msimamizi kutoka nje ya kituo. Mafunzo ya muda wote huchukua takribani wiki nne au tano. Ada yake ni kubwa; katika vituo vingi vya Ulaya huzidi pauni 1,000 za Uingereza, mbali na nauli na malazi.

Kundi la pili ni kozi za mtandaoni zinazouzwa kwa bei ndogo, mara nyingi zikiwa na punguzo ambalo haliishi. Nyingi hutangaza "saa 120", kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na waajiri wengi. Lakini katika kozi hizo saa mara nyingi ni makadirio ya mwandaaji tu. Mwanafunzi husoma kurasa, hujibu maswali ya kuchagua, kisha hupakua cheti bila kusimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja. Baadhi hujinasibu kuwa zimeidhinishwa na chombo cha kimataifa, na mtu akichunguza hukuta kwamba chombo hicho kinaendeshwa na wauzaji wa kozi wenyewe.

Kozi ya mtandaoni inaweza kumpa mtu mwanga wa kwanza kuhusu mbinu za kufundisha lugha, nayo inaweza kufaa kama bei yake ni ndogo na mnunuzi anajua anachonunua. Hata hivyo, mhitimu wa chuo cha ualimu cha Tanzania, kama Chuo cha Ualimu Katoke kilichopo wilayani Muleba, tayari amefanya mafunzo ya vitendo katika shule halisi chini ya uangalizi. Amewahi kukabili darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache. Mhitimu huyo akinunua cheti kisicho na vitendo, ananunua kitu kilicho chini ya kile alicho nacho.

Uraia na shahada hutangulia cheti

Jambo ambalo matangazo mengi hayalisemi ni kwamba baadhi ya nchi huchagua walimu wa Kiingereza kwa kuangalia pasipoti kabla ya kuangalia cheti. Korea Kusini ni mfano ulio wazi. Viza yake ya mwalimu wa lugha, ijulikanayo kama E-2, kwa upande wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Tanzania haimo katika orodha hiyo. Mtanzania anaweza kuwa na alama za juu kabisa na cheti bora kuliko vyote, na bado asipate viza hiyo.

China nayo, katika miongozo yake ya vibali vya kazi, hutaka kwa kawaida mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada ya kwanza, na awe na uzoefu wa miaka miwili. Shahada ya elimu, sifa rasmi ya ualimu au cheti cha kufundisha lugha huweza kuchukua nafasi ya uzoefu huo, lakini haviondoi masharti mengine. Katika nchi za Ghuba pia shule rasmi kwa kawaida hudai shahada ya kwanza pamoja na uzoefu wa kazi.

Kuhusu kufundisha kwa mtandao kutoka nyumbani, hali ilibadilika mwaka 2021. Julai mwaka huo Serikali ya China ilitoa masharti makali kwa biashara ya masomo ya ziada ya watoto, na kampuni za huko zikazuiwa kuajiri walimu wa kigeni walio nje ya China kwa masomo hayo. Maelfu ya walimu katika nchi mbalimbali walipoteza kazi hizo. Tangazo linaloendelea kuahidi kazi ya kuwafundisha watoto wa China kwa simu linapaswa kusomwa kwa tahadhari kubwa.

Maelezo haya hayana maana kwamba hakuna Mtanzania anayeweza kufundisha Kiingereza ughaibuni. Wapo wanaofanya kazi hiyo, hasa walimu wenye shahada na uzoefu wanaofundisha katika shule za kimataifa au kufundisha masomo mengine kwa Kiingereza. Ila sharti la uraia na la shahada haliwezi kufutwa na cheti cha wiki nne, na yeyote anayemwambia mwombaji kinyume chake atakiwe kuonyesha sheria ya nchi husika.

Nje ya nchi huanzia Mutukula na Rusumo

Mkazi wa Kagera anapotaja ughaibuni hufikiria Seoul au Dubai, ilhali mkoa wenyewe unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Masoko ya karibu ya ualimu yana faida zake: nauli ni ndogo, mwalimu anaweza kurudi nyumbani kwa likizo au msiba, na mwajiri anaweza kuchunguzwa kwa kwenda kumwona.

Rwanda ilihamisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kuanzia mwaka 2008, na tangu hapo imehitaji walimu wenye uwezo wa lugha hiyo. Desemba 2021 Rwanda na Zimbabwe zilitia saini makubaliano ya kupeleka walimu, na Oktoba 2022 kundi la kwanza la walimu wapatao 150 kutoka Zimbabwe liliwasili Kigali. Mfano huo unafundisha jambo: safari iliyopitia makubaliano ya serikali mbili ilikuwa na mwajiri anayejulikana na kibali kilichoandaliwa kabla ya kuondoka.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Hata hivyo, kila nchi mwanachama ilifungua milango kwa ratiba na kwa fani ilizozitaja yenyewe. Kibali cha kazi cha nchi husika bado ni lazima. Mwalimu anayevuka Mutukula kwa ruhusa ya matembezi na kuanza kufundisha shuleni anavunja sheria ya nchi hiyo, na hana pa kudai iwapo mshahara hautalipwa.

Lugha ambayo Mtanzania ni mzawa wake

Kanuni ileile inayomfungia Mtanzania mlango wa Kiingereza humfungulia mlango mwingine. Nchi na vyuo vinavyotafuta mzawa wa lugha vinapohitaji mwalimu wa Kiswahili, Mtanzania huwa miongoni mwa wanaotafutwa kwanza. Mahitaji hayo yamekuwa yakipanuka. Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule zake kama somo la hiari. Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, ilikifanya kuwa lugha yake rasmi ya nne. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Matamko ya wakuu wa nchi si mikataba ya ajira, na utekelezaji wake huchukua miaka. Lakini yanaonyesha njia ambayo mwalimu wa Kagera anaweza kuifuata akiwa na faida ambayo wenzake wa mikoa mingine hawana. Msemaji wa Kihaya husema omuntu na abantu; Mnyankole wa Mbarara na Mganda wa Masaka nao husema hivyo hivyo. Mwalimu huyo anaweza kumwonyesha mwanafunzi wa Uganda kwamba mtu na watu ni ndugu wa maneno anayoyajua tangu utotoni, na somo la ngeli likawa jepesi.

Hata hivyo, kuijua lugha ni jambo moja na kuifundisha ni jambo jingine. Mzawa husema "kitabu changu" na "nyumba yangu" bila kufikiri. Mgeni anapouliza kwa nini maneno hayo yametofautiana, jibu la "ndivyo tunavyosema" halimsaidii. Kwa hiyo anayetaka kufundisha Kiswahili kwa wageni anahitaji mafunzo mahususi. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, huendesha mafunzo ya kuwaandaa walimu wa Kiswahili kwa wageni, na hutunza kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nazo zina uzoefu wa muda mrefu katika ufundishaji huo.

Ipo pia nafasi inayowaunganisha walimu wa lugha zote mbili. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa ufundishaji wa lugha, unaojulikana kwa kifupi cha FLTA, umekuwa ukipeleka vijana kutoka nchi mbalimbali, Tanzania ikiwamo, kufundisha lugha zao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Umelenga walimu vijana wa Kiingereza na wa fani zinazokaribiana: mhusika hufundisha Kiswahili huku akinoa Kiingereza chake na mbinu zake za kazi. Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza na kufanya mtihani wa Kiingereza, na baada ya mwaka hutakiwa kurudi nyumbani. Gharama hulipwa na mpango wenyewe, na matangazo yake hutolewa na Ubalozi wa Marekani. Mtu anayeuza "nafasi za Fulbright" anauza kitu ambacho hakiuzwi.

Kozi inayofaa kwa kila hatua

Kwa kuyatazama yote hayo kwa pamoja, kozi bora hutofautiana kulingana na mahali alipofikia mwombaji.

Mwenye stashahada ya ualimu, kwa mfano mwalimu wa shule binafsi Kamachumu au Kemondo, hukwamishwa zaidi na ukosefu wa shahada. Kwake yeye fedha ya msimu wa kahawa ingefaa zaidi kuanzisha shahada ya elimu yenye somo la Kiingereza au Kiswahili kuliko kununua cheti cha TEFL. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Bukoba, na mfumo wake wa masomo ya masafa humwezesha mwalimu kusoma bila kuacha kazi. Sifa za kujiunga hutajwa katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na ni vyema zisomwe humo kuliko kusikilizwa kijiweni. Njia hii ni ndefu, huchukua miaka, lakini shahada hutambuliwa hapa nyumbani pia. Hata safari isipotimia, mwenye shahada amepanda ngazi katika kazi yake.

Mwenye shahada na uzoefu wa miaka miwili au zaidi ndiye anayeweza kunufaika na CELTA au CertTESOL, iwapo amekwisha kuthibitisha kwamba nchi anayoilenga hutoa kibali kwa Watanzania. Kabla ya kulipa ada, apime kwanza kiwango chake cha Kiingereza kwa mtihani unaotambuliwa kama IELTS, ambao hutoa alama hadi 9 na ambao matokeo yake kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili. Alama hizo zitamwonyesha kama anafikia kiwango cha juu kinachotakiwa na kozi hizo.

Anayevutiwa na Kiswahili kwa wageni, awe na shahada au bado, aanze na mafunzo mafupi yanayotambuliwa na BAKITA, kisha atafute uzoefu hapa nchini kabla ya kuvuka mpaka. Wageni wanaofika Bukoba kwa utafiti, kwa kujitolea katika hospitali au kwa kazi za taasisi za dini huhitaji kujifunza lugha. Mwalimu aliyewafundisha wageni watano kwa mpangilio, akatunza maandalio ya masomo na barua za uthibitisho, ana ushahidi wa kazi ambao mwajiri wa nje anaweza kuufuatilia.

Mhitimu wa kidato cha nne au cha sita ambaye hajasomea ualimu hapaswi kuanzia kwenye cheti cha mtandaoni kwa matumaini ya kuruka hatua zote. Mahali pake pa kuanzia ni chuo cha ualimu au chuo kikuu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kabla fedha haijatumwa, mwombaji apate majibu ya maswali yafuatayo kwa maandishi:

1. Je, nchi inayolengwa hutoa kibali cha kufundisha Kiingereza kwa raia wa Tanzania? Jibu litafutwe katika ubalozi au tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi hiyo, si kwa muuzaji wa kozi.
2. Je, mwajiri anataka shahada, na ya fani gani?
3. Kozi ina saa ngapi za kufundisha wanafunzi halisi, na nani huangalia?
4. Nani hukagua kozi kutoka nje ya chuo, na je, jina la kituo limo katika orodha ya chombo kinachotoa cheti?
5. Ada yote ni kiasi gani, ikijumuisha mtihani, vitabu, nauli na malazi, na utaratibu wa kurudishiwa fedha ukoje?
6. Je, mafunzo haya yatamfaa mwombaji hapa Tanzania iwapo safari itashindikana?

Swali la sita ndilo linalolinda kaya. Kozi ambayo thamani yake yote inategemea viza moja ni bahati nasibu, na fedha ya ada ya wadogo zake haipaswi kuwekwa humo.

Mawakala na ulinzi wa msafiri

Wakala binafsi wa ajira hapa nchini anapaswa kuwa na leseni ya Serikali. TaESA, iliyo chini ya wizara yenye dhamana ya kazi, ndiyo chombo cha umma cha kuulizia kuhusu nafasi za nje na uhalali wa mawakala. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Anayelipa huduma hiyo ni mwajiri. Wakala anayedai mamilioni kwa ajili ya "kushikilia nafasi", anayetaka fedha itumwe kwenye namba binafsi ya simu, au anayesema viza ya matembezi itabadilishwa huko mbele ya safari, aepukwe.

Ipo hatari iliyo kubwa kuliko kupoteza ada. Baadhi ya watu walioahidiwa kazi za ofisini au ualimu wamejikuta ugenini wakifanya kazi nyingine, pasipoti zao zikiwa zimechukuliwa na mwajiri. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inahesabu udanganyifu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai. Familia yenye mashaka itoe taarifa polisi kabla ya siku ya safari. Aliyesafiri aache nyumbani nakala ya pasipoti, ya viza, ya mkataba na anwani kamili ya shule, na ajue ubalozi wa Tanzania ulio karibu naye.

Nyaraka na huduma zinazohitajika

Maandalizi ya nyaraka yanaweza kuanza mapema, kwani yatahitajika kwa kozi yoyote na kwa kazi yoyote. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA na kitambulisho cha taifa hutolewa na NIDA. Pasipoti huombwa Idara ya Uhamiaji, ambayo ina ofisi ya mkoa mjini Bukoba. Majina katika nyaraka hizi na katika vyeti vya shule yafanane herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia, ambayo huku nyumbani haimsumbui mtu, huweza kuzuia viza. Waajiri wengi hudai pia uthibitisho wa polisi kwamba mwombaji hana rekodi ya uhalifu. Vyeti vya taaluma huthibitishwa na mamlaka zilizovitoa kabla ya kupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki na ubalozi wa nchi husika.

Mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri anayetaka kusoma au kusafiri aombe kibali kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule, na asubiri majibu. Kuondoka bila kibali ni utoro kazini, kosa la nidhamu linaloshughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, na mhusika huweza kupoteza ajira ya kudumu kwa ajili ya mkataba wa mwaka mmoja.

Wananchi wakumbuke pia kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni kwa ajili ya shughuli za kiuchumi. Haitumiki kulipia ada ya kozi wala nauli ya ughaibuni, na kuitumia hivyo huviweka vikundi katika deni lisilo na mradi wa kulilipa.

Mkazi mwenye tangazo au barua ya ajira asiyoielewa anaweza kuipeleka kwa Afisa Elimu Kata au kwa Mtendaji wa Kata ili isomwe pamoja naye kabla hajalipa chochote. Aende na tangazo lenyewe, jina kamili la chuo au wakala, na majibu aliyoyapata kwa maswali sita yaliyotajwa hapo juu. Kama swali la kwanza bado halina jibu, ada ibaki nyumbani mpaka lipatikane.